Sungura apumzishwe: mbu wa maabara wana njia nyingine ya kupata damu

Chandarua kipya hakifiki kitandani kwa mtu kabla hakijapimwa kwa mbu. Mbu hao huwa maelfu, wa umri mmoja na ukoo unaojulikana, waliozaliwa na kukuzwa maabara kizazi hadi kizazi. Dawa ya kupulizia ukutani, mafuta ya kujipaka, hata chanjo zinazokusudiwa kuzuia vimelea visitoke kwa mgonjwa kuingia kwa mbu, zote huwategemea wadudu hao wa kufugwa. Na mbu jike wa malaria hatagi mayai mpaka anywe damu. Hivyo kila maabara inayofuga mbu hukabiliwa na swali lilelile wiki baada ya wiki: damu itoke wapi? Kwa miongo mingi jibu limekuwa mnyama hai. Sungura hunyolewa manyoya, hufungwa asitikisike, kisha huwekwa pale ambapo mbu watamfikia. Simbilisi hufanyiwa vivyo hivyo. Panya mweupe hudungwa dawa ya usingizi na kulazwa juu ya wavu wa kizimba. Nionavyo, desturi hiyo imeshapoteza sababu yake katika kazi nyingi za maabara, na ushahidi mzuri zaidi wa jambo hili umetoka hapa hapa Afrika Mashariki. Anayetaka kulisha wadudu wake kwa mnyama hai sasa ndiye anayepaswa kueleza kwa maandishi kwa nini hawezi kufanya vinginevyo.

Mbadala wenyewe si uvumbuzi wa jana. Mwaka 1912 daktari Mbelgiji Jérôme Rodhain na wenzake, waliokuwa wakichunguza ugonjwa wa malale Congo, walieleza jinsi walivyowalisha mbung'o damu kupitia utando. Mwaka 1964 Rutledge, Ward na Gould walichapisha maelezo ya kifaa cha kioo chenye kuta mbili: maji ya moto huzunguka kati ya kuta hizo, damu hukaa ndani, na chini hufungwa utando mwembamba. Hadi leo maabara nyingi duniani zinatumia vifaa vya namna hiyo, au vile vya umeme vinavyopasha damu joto kwa kisahani kidogo cha chuma. Msingi wake ni kwamba mdudu hamtafuti sungura kwa sababu ni sungura. Anafuata joto, harufu, unyevunyevu na hewa ya pumzi, na akishatoboa, anaonja. Rachel Galun alionyesha mwaka 1963 kwamba mbu wa aina ya Aedes aegypti hushawishika kunywa kwa kuonja adenosini trifosfeti, kemikali iliyomo ndani ya chembe za damu. Ukimpa damu yenye joto la takriban nyuzi 37, chini ya utando ambao mdomo wake unaweza kuupenya, anashiba na kutaga.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya maabara tajiri, ambazo umeme wake haukatiki na fundi wa kutengeneza vifaa yuko mlango wa pili. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walilijibu hilo mwaka 2018 kwa vifaa ambavyo duka la vifaa vya ujenzi la wilayani linaweza kuviuza. Walichukua ule utepe mweupe mwembamba ambao mafundi bomba huzungushia kiungo cha bomba ili maji yasivuje, wakaukata na kuuvuta mpaka ukawa mwembamba zaidi. Walipindua kikombe cha foamu, kile cha kunywea chai na kutupa, wakaweka takriban mililita 4 za damu ya ng'ombe kwenye kitako chake, kisha wakautandaza utepe juu ya damu. Kikombe wakakijaza maji ya moto ili damu ipate joto la mwili, wakakishikiza juu ya kizimba chenye mbu jike wa siku tatu au nne. Upande wa pili wa jaribio, mbu wengine walipewa mkono wa mtu, kama ilivyo kawaida katika maabara nyingi. Aedes aegypti, mbu wa dengi, walikunywa wote kwa njia zote mbili. Kwa mbu wa malaria, Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, waliokunywa kwenye kikombe walikuwa takriban asilimia 86, na waliokunywa kwenye mkono karibu asilimia 99. Idadi ya mayai kwa kila mbu haikutofautiana kwa kiwango chenye maana kitakwimu.

Pengo hilo la asilimia 13 hivi nalitaja wazi kwa sababu wapinzani wa njia hii watalitaja, na wana haki. Lakini tulipime kwa kazi inayokusudiwa. Anayefuga mbu anataka mayai ya kutosha kuendeleza ukoo. Iwapo mbu 14 katika 100 hawakunywa leo, atawapa nafasi nyingine kesho, au ataongeza mbu wachache kizimbani. Hasara yake ni ndogo, na inafutwa na anachookoa: banda la sungura, majani na chakula chao, mtu wa kuwasafishia, daktari wa mifugo wa kuwaangalia, na dawa za usingizi ambazo bei yake si ya kupuuza. Maabara iliyo mbali na jiji hunufaika na kikombe hicho kuliko ile iliyo jijini, maana ndiyo inayotaabika zaidi kuwatunza wanyama ipasavyo.

Anayedai kwamba njia hii haiwezi kubeba kazi kubwa aitazame Unguja. Katikati ya miaka ya 1990 mbung'o wa aina ya Glossina austeni waliangamizwa kisiwani humo kwa kuachia angani madume waliopigwa mionzi ili wasizalishe. Mbung'o hao, zaidi ya milioni 8, walitoka kituo cha utafiti cha Tanga. Mbung'o ni mgumu kumfuga kuliko mbu: dume na jike wote wanaishi kwa damu peke yake, na jike huzaa buu mmoja mmoja kila baada ya siku tisa au kumi. Kwa uzazi wa taratibu hivyo, hitilafu ndogo katika chakula huangusha ukoo mzima. Walilishwa damu ya ng'ombe kutoka machinjioni kupitia utando wa silikoni. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa haina tena mdudu huyo aliyekuwa akiwaambukiza ng'ombe nagana. Sioni ni mtihani gani mwingine wa ukubwa unaohitajika baada ya huo.

Sasa niseme juu ya mnyama mwenyewe. Sitadai kwamba kuumwa na mbu ni ukatili mkubwa kuliko yote yanayofanyika maabara. Si kweli, na kutia chumvi hakumsaidii sungura. Anachopitia ni kufungwa asijikune wakati mamia ya mbu wanamnyonya sehemu moja, kuwashwa na kuvimba baadaye, kisha kurudishwa tena zamu yake ikifika, kwa miezi. Mateso ya aina hii huwa rahisi kuyazoea kwa sababu hayatoi damu sakafuni. Tangu mwaka 1959, Waingereza William Russell na Rex Burch walipoandika kitabu chao kuhusu ubinadamu katika majaribio, wanasayansi wamekubali utaratibu wa maswali matatu: je, mnyama anaweza kuondolewa kabisa, kama hawezi, je, wanaweza kupungua, na kama hawawezi kupungua, je, maumivu yao yanaweza kupunguzwa? Swali la kwanza ndilo zito, na halirukwi kwa sababu mateso ni madogo. Panapokuwa na njia nyingine inayotoa matokeo yaleyale, hata mateso madogo hayana utetezi.

Tena mnyama hai si kipimo thabiti kama anavyodhaniwa. Mwaka 1939 William Trager alionyesha kwamba simbilisi waliowahi kunyonywa na kupe hujenga kinga: kupe wanaofuata hushiba kidogo na wengine hufa. Mwili wa sungura anayeumwa na mbu kila wiki nao huyatambua mate ya mbu na kuyapinga. Panya aliyedungwa dawa ya usingizi anawapa wadudu damu yenye dawa hiyo. Sungura wawili wa banda moja wanatofautiana kwa joto la ngozi, kwa harufu na kwa wingi wa damu karibu na ngozi. Chupa ya damu iliyochanganywa vizuri, ikagawiwa vizimba kumi kwa joto moja, inampa mtafiti kitu ambacho sungura kumi hawawezi kumpa, nacho ni uhakika kwamba tofauti anayoiona imetoka kwa mbu wenyewe. Ndiyo maana katika utafiti wa chanjo na dawa za kuzuia maambukizi ya malaria, damu ya mgonjwa mwenye vimelea huwekwa kwenye kifaa chenye utando, na mbu hunywea hapo.

Pingamizi moja zito linahusu ubora wa damu ya machinjioni. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya ivermektini dhidi ya minyoo anabeba mwilini dawa inayoua mbu wanaomnyonya, na athari hiyo huendelea kwa siku nyingi. Viuavijasumu vilivyobaki katika damu huua bakteria wema wanaoishi ndani ya mbung'o, na mbung'o asiye na bakteria hao hazai. Damu iliyokingwa kwenye ndoo chafu huoza kabla ya jioni. Yote hayo ni kweli. Ila dawa iliyo ndani ya ng'ombe wa machinjioni inaweza kuwa ndani ya mbuzi hai pia, na ukiwa na mbuzi hai huna nafasi ya kuipima damu kabla haijafika kwa wadudu wako wote. Damu iliyo kwenye chupa unaweza kuigandisha, ukawalisha wadudu wachache kwa wiki kadhaa, ukahesabu vifo na uzazi wao, ndipo ukaamua itumike au imwagwe. Wafugaji wa mbung'o wamekuwa wakifanya hivyo kwa miaka mingi, na damu huipiga mionzi ya gama kuua bakteria. Kazi inayobaki ni ya mpango: makubaliano na machinjio moja, vyombo safi, mtu wa kuikoroga damu mara tu inapotoka ili kuondoa nyuzi zinazoigandisha, na friza inayofanya kazi.

Wengine watasema kwamba damu ya ng'ombe ni ya mnyama vilevile, hivyo tumelizunguka tatizo bila kulitatua. Naliheshimu pingamizi hili kwa sababu linatoka kwa watu wanaowajali wanyama kweli. Jibu langu ni kwamba ng'ombe huyo hakuchinjwa kwa ajili ya mbu. Amechinjwa kwa ajili ya nyama, na katika machinjio zetu nyingi damu yake inamwagwa mferejini, maana Waislamu hawaili. Kuikinga damu hiyo hakumwongezei ng'ombe dakika moja ya maumivu wala hakuongezi idadi ya wanaochinjwa. Sungura wa maabara, kwa upande mwingine, anafugwa kusudi aumwe. Na hata damu ya ng'ombe si mwisho wa safari. Chuo Kikuu cha New Mexico State huko Marekani kimetengeneza mlo wa protini usio na damu, uitwao SkitoSnack, ambao Aedes aegypti wanaweza kuunywa na kutaga. Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vikuu vya Rice na Tulane walieleza kifaa chenye vipande vya jeli mfano wa ngozi, vyenye mishipa midogo inayopitisha damu, huku kamera zikirekodi mbu wanaotua na kunyonya. Walikitumia kupima dawa za kufukuza mbu. Mbu wetu wa malaria ni wachaguzi zaidi kuliko Aedes, na sitarajii mlo bandia ushike nafasi ya damu kwao hivi karibuni. Hilo si sababu ya kuendelea na sungura leo.

Pingamizi linalogusa watu wengi ni la hisia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba malaria iliua watu 597,000 mwaka 2023, takriban asilimia 95 wakiwa katika kanda ya Afrika, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Mbele ya makaburi hayo, nani ana nafasi ya kumlilia sungura? Kama ningeambiwa nichague kati ya mtoto na sungura, nisingesita hata kidogo. Lakini uchaguzi huo haupo mezani. Hakuna mtoto anayekosa chandarua kwa sababu mbu wa maabara wamekunywa kwenye kikombe. Utafiti unaolisha mbu wake kwa njia nafuu na yenye kipimo kimoja unapata matokeo safi kwa fedha kidogo, na fedha inayobaki inaweza kununua chochote ambacho utafiti wa malaria unakosa, kuanzia mafuta ya gari hadi mshahara wa msaidizi.

Liko eneo moja ambalo njia ya utando bado haijashinda, nalo lazima lielezwe kwa haki. Vyandarua vipya vyenye klorfenapiri vimeleta matumaini makubwa: katika jaribio lililofanyika Misungwi, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2022, vilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili vikilinganishwa na vyandarua vya kawaida vyenye dawa ya jamii ya pairethroidi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likavipendekeza vitumike mahali ambapo mbu wamekuwa sugu. Klorfenapiri haimuui mbu aliyetulia kama inavyomuua mbu aliye katika shughuli zake za usiku, kwa kuwa sumu yake hukamilika ndani ya mwili wa mdudu unaofanya kazi. Kwa hiyo hupimwa kwa jaribio la njia ya kioo: mfereji wa urefu wa sentimita 60, kipande cha chandarua kimewekwa kwenye theluthi moja ya urefu huo na kutobolewa matundu tisa ya sentimita moja. Saa 12 jioni mbu jike 100 huachiwa upande mmoja, na upande wa pili kuna sungura au simbilisi aliyefungwa, hadi saa 3 asubuhi.

Watafiti wa Ifakara walijaribu kumwondoa sungura katika jaribio hilo, na mwaka 2022 walichapisha walichokiona. Utando wenye damu haukufanana naye kikamilifu: mbu walioshiba walikuwa wachache zaidi. Mkono wa mtu nao ulitoa picha tofauti sana. Siwezi kuyaficha matokeo hayo ili hoja yangu ipendeze, kwa sababu kipimo kinachokosea hapa kinaweza kupitisha chandarua dhaifu. Ila walipotumia mbu 50 badala ya 100 kwa sungura yuleyule, matokeo hayakutofautiana. Hapo swali la pili na la tatu la Russell na Burch yanapata jibu hata kama la kwanza bado: kuumwa kunaweza kupunguzwa kwa nusu, kesho asubuhi, bila kupoteza chochote. Wakati huohuo kazi ya kuboresha utando, harufu yake na hewa inayotoka nyuma yake iendelee, kwa kuwa jaribio hilo litarudiwa mara maelfu kwa kila chandarua kitakachofuatiliwa vijijini. Kupe nao wako kwenye kundi gumu. Kupe hunyonya kwa siku nyingi bila kubanduka, na chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe, inayotengenezwa kwa kupe wenyewe bado inahitaji ng'ombe na sungura. Utando wa silikoni umeshaweza kulisha baadhi ya aina za kupe maabara, lakini kwa tabu. Kazi hizi mbili ndizo zinazostahili kibali maalumu, kwa muda, kwa masharti.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Maabara ikikatazwa sungura bila kupewa mbadala, itageukia mkono wa mfanyakazi wa chini, mara nyingi kijana wa mkataba asiye na sauti ya kukataa. Mkono wa mtu umelisha mbu wa utafiti kwa vizazi vingi, na wapo wanaojitolea kwa hiari ya kweli. Lakini hiari ya mtu anayeogopa kutoongezewa mkataba haina uzito. Kibali cha kutumia mwili wa mtu kulisha mbu wa kufugwa tu, ambapo hakuna jaribio lolote linalomhitaji binadamu, kinapaswa kuwa kigumu kupatikana kuliko cha sungura.

Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sheria yao ya mwaka 2010, zinakataza kumtumia mnyama pale penye njia nyingine inayotambuliwa ya kupata matokeo hayo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama inayotaka anayefanya majaribio awe na leseni. Hatuanzi mikono mitupu. Kinachokosekana ni mazoea ya kuuliza. Kamati za maadili zinazopitia maombi ya utafiti wa mbu, mbung'o na kupe ziweke swali moja kwenye fomu zao: wadudu hawa watakula nini, na kama ni mnyama hai au mkono wa mtu, ni jaribio gani lilionyesha kwamba utando haukufaa? Wafadhili walipe friza na vifaa vya kupashia damu joto kama wanavyolipa hadubini. Machinjio za manispaa ziingie mkataba na maabara zilizo jirani nazo. Na maabara ambayo bado inalisha mbu wake wa kawaida kwa sungura, ijaribu mwezi huu kizimba kimoja kwa kikombe, utepe wa fundi bomba na damu ya machinjioni, kisha ihesabu mayai.